Saa Mbovu na Sampla

Jina la Saa Mbovu alipewa na wenzake wa bendi akiwa bado kijana, na halikuwa tusi. Alikuwa mpiga dramu, na katika kupiga kwake alichelewa. Sisemi kuchelewa kazini. Kazini yeye ndiye aliyefungua mlango na yeye ndiye aliyeufunga. Alichelewa ndani ya mdundo wenyewe, kidogo tu, muda wa kumeza mate. Mgeni aliyemsikia mara ya kwanza alidhani amesinzia. Baada ya dakika mbili mgeni huyohuyo alikuwa anatafuta mtu wa kucheza naye, wala hajui nini kimemwinua kitini.

Miaka ishirini na minane alikaa nyuma ya dramu katika bendi hiyo moja. Mbele yake alisimama mdogo wake wa mwisho, mwimbaji, mwanamke wa sauti nzito na maneno machache. Watu wengine walimjua mwimbaji huyo kwa uso. Kaka yake alimjua kwa mgongo.

Kisha kifundo cha mkono wa kulia kikaharibika. Hakikuharibika kwa kishindo. Kilianza na kikombe cha chai kumponyoka, kikaja kitasa cha mlango, kikaja kifungo cha shati ambacho mkewe ilibidi amfungie kama mtoto wa chekechea. Daktari aliishika picha ya mifupa dirishani, akaitazama mara mbili, akamwambia bila kuzunguka kwamba mfupa unasaga mfupa na kila pigo linammaliza.

"Na nikipiga polepole?" aliuliza Saa Mbovu.

"Mzee, sijasema upige polepole. Nimesema usipige."

Alitoka pale akaenda nyumbani. Mtu aliyefanya kazi moja tangu ujana wake ukimwambia aiache, umemwambia akafanye nini? Hakujua hata kupika ugali wa kuliwa na wageni. Alikaa nyumbani siku tatu akiitazama mikono yake, na mkewe akawa anapita pembeni yake kimyakimya kama anayepita penye mgonjwa.

Siku ya nne kiongozi wa bendi, ambaye ndiye mpiga besi, alikuja na boksi kwapani. Si mtu mbaya yule, nalisema mapema ili msije mkamchukia bure. Alilifungua boksi mezani, akatoa mashine ya kijivu, ukubwa wa sinia ndogo, ina vitufe kumi na sita vya mpira, virungu vya kuzungusha visivyo na idadi, na kioo kidogo cha kusomea.

"Kaka, hii wanaiita sampla," alisema. "Unainasa sauti yoyote, unaiweka kwenye kitufe. Ukikigusa kwa kidole, inalia. Hupigi tena, unagusa. Nimekuletea mkono mwingine."

"Na nani anaijua?"

"Kwetu hakuna. Ndiyo maana nimekuletea wewe." Akakuna shingo. "Tuna ile hoteli, Jumamosi ya wiki ijayo, alasiri. Tukiwaridhisha watatuchukua kila Jumamosi. Ukiimudu hii, kiti chako ni chako. Usipoimudu, itabidi nitafute mtu mwenye mikono mizima. Nakuomba usinifikishe huko."

Siku kumi na mbili, basi. Siku kumi na mbili za kufa na kupona.

Nyumbani kwao kulikuwa na meza moja ya maana, nayo ilikuwa ya mkewe, mshonaji wa sare za shule. Upande mmoja cherehani, upande mwingine kaptura za kaki zimepangwa hadi kidevuni. Mkewe alizihamishia kitandani bila kuulizwa. Soketi pia ilikuwa moja, wakakubaliana: saa mbili sampla, nusu saa pasi.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa na kurasa mia mbili na arobaini, nakala ya nakala, michoro imefifia, na kiliandikwa kwa Kiingereza cha watu wanaochukia watu. Kila ukurasa ulikutuma kwenye ukurasa mwingine. Ulikwenda huko kwa moyo safi, ukaambiwa rudi ulikotoka. Ndani ya kioo nako kulikuwa hivyohivyo: ukibonyeza hapa inafunguka orodha, ndani ya orodha kuna orodha, na ukitaka kutoka unajikuta umefuta kitu. Siku ya kwanza hakutoa hata mlio mmoja. Siku ya pili alitoa mlio, hakujua ametoaje, na hakuweza kuurudia. Mashine ilikuwa na ngoma zake za ndani, lakini alipozisikia alikunja uso. Zililia kama sufuria zinazoanguka kabatini. Mtu hawezi kuinuka kitini kwa sauti ile.

Ikabidi aziingize ngoma zake mwenyewe. Maana yake ilikuwa kupiga. Alihesabu mapigo kumi na mawili: mawili ya ngoma kubwa atayapiga kwa mguu, manne ya sahani za shaba na ngoma za pembeni atayapiga kwa kushoto, lakini yale sita ya ngoma ya kati, yale yaliyompa jina, hayakutaka mkono mwingine ila wa kulia. Siku ya tatu alibeba sampla hadi stoo ya bendi, chumba cha nyuma ya gereji, akaweka maikrofoni, akashika kijiti. Akauma meno. Pigo la kwanza lilimpanda hadi begani, machozi yakamtoka. Akayapiga yote sita. Kila moja lilijichora kwenye kioo, na alipogusa kitufe kwa kidole cha shahada, ngoma yake ikamjibu kutoka ndani ya mashine, ngoma yake hasa, na ule mkwaruzo wa ngozi kuukuu. Alicheka peke yake mle stoo. Akaizima, akaufunga mkono kwa kitambaa cha maji, akarudi nyumbani mwepesi.

Asubuhi aliiwasha mbele ya mkewe ili amwonyeshe. Akagusa kitufe. Kimya. Akagusa cha pili, cha tatu, vyote kumi na sita. Patupu.

"Uliihifadhi kwenye kadi?" mkewe aliuliza, kitabu mkononi. "Hapa wamechora kadi."

"Ilisikia," alisema. "Nilipiga, ikasikia, ikanirudishia. Nimeisikia kwa masikio yangu."

Mwelewe hapo. Katika bendi ile hakukuwahi kuandikwa kitu. Nyimbo zaidi ya mia, na hakuna karatasi hata moja. Mtu alikuimbia mara moja, ukasikia, ukarudisha, basi, kimekwisha kuwa chako hadi siku ya kuzikwa. Ukimwomba mwenzako akurudie mara ya pili ulichekwa wiki nzima. Saa Mbovu alidhani kitu kilichosikia na kurudisha kimeshika. Hakuwahi kufanya kazi na mwenzake anayesahau kila akilala.

Alirudi stoo. Mkewe alimfuata safari hii, akamshikia kiwiko, na kila alipopiga mkewe alifumba macho. Mapigo sita mengine. La tano aliliharibu, akalirudia. Alipomaliza, vidole vilikuwa vimevimba hata pete haizunguki, na mkewe ndiye aliyebonyeza vitufe vya kuhifadhi, akisoma kitabu neno kwa neno, kisha akaizima, akaiwasha, akaizima tena na kuiwasha tena, ndipo akakubali waondoke. Usiku ule maumivu hayakumpa usingizi, nami sitaki kuyasimulia.

Kukata ndiko kulikofuata. Kila sauti uliyoinasa inakuja na taka mbele na nyuma: pumzi, kiti kulia, mlango wa gereji. Unazungusha kirungu, unaweka mwanzo, unaweka mwisho. Yeye alikata karibu mno, na ngoma ikawa inalia bila mwanzo, imenyongwa. Siku nzima ikapotea. Mkewe aliyekuwa anapinda kaptura alimwangalia kwa muda, akaweka sindano chini.

"Unakata kwenye mstari," alisema.

"Sasa nikate wapi?"

"Nje ya mstari. Acha pindo. Nguo isiyoachiwa pindo inafumuka."

Akaacha pindo, upana wa unywele kabla ya pigo, na ngoma ikarudi uhai. Alimtazama mkewe kwa macho ya mtu aliyekuwa anazama. "Mama, ningekuoa mara ya pili," alimwambia, na mkewe akamjibu amalize kwanza, zamu ya pasi imefika.

Lakini furaha hiyo haikuchukua hata siku. Siku ya saba alianza kupanga mdundo wenyewe. Unagusa vitufe, mashine inakumbuka ulivyogusa, inauzungusha bila kuchoka. Aligusa alivyozoea, na uchelewaji wake ndani yake. Mashine ikamrudishia mdundo ulionyooka. Kila pigo mahali pake, safi, na halina maisha. Akadhani amekosea, akagusa tena, akachelewa zaidi kidogo. Ikamnyoosha tena. Akachelewa kwa makusudi, vibaya, kama mlevi. Ikamnyoosha.

Siku ya nane hivyohivyo, siku ya tisa hivyohivyo. Alianza kuzungumza nayo. Alianza kuichukia kama mtu anavyomchukia jirani anayerekebisha kila neno lake. Hakula. Mkewe aliposema jambo alijibu kwa ukali, kisha akaomba radhi, kisha akajibu kwa ukali tena. Siku ya tisa jioni aliketi kitandani katikati ya kaptura za watoto wa watu, akaukumbatia mkono mbovu, akalia. Alilia kwa sauti, mtu wa miaka hamsini na tatu. Alisema amekwisha, atamtafuta kiongozi amrudishie boksi lake, kwani hata akiimudu, atakayekaa pale jukwaani si yeye, ni mtu mwingine aliyenyooka.

Mkewe hakumwambia maneno matamu. Aliketi ubavuni mwake hadi kilio kikaisha, kisha akasema, "Mimi hiyo mashine siijui. Lakini cherehani yangu nayo hunyoosha mshono, na kuna mahali pa kulegeza."

Asubuhi aliamka na neno hilo. Kwenye pembe ya kioo palikuwa na alama ndogo na namba, ambayo alikuwa anairuka siku zote akidhani ni ya tarehe. Aliigusa. Ikafunguka. Akazungusha kirungu, namba ikashuka, ikashuka, hadi likaja neno la kuzima. Akagusa vitufe vyake, kwa kuchelewa kule kwa kumeza mate, na mashine ikamrudishia vilevile. Ikachelewa pamoja naye. Mkewe alisimamisha cherehani. Mguu wake ulikuwa umeanza kucheza juu ya kanyagio.

Alibakiwa na siku tatu na nyimbo kumi na moja. Alifanya kazi kama aliyetumwa na mauti. Zile kumi zilikubali. Wa kumi na moja ndio ulikuwa mgogoro.

Ulikuwa wimbo wao wa polepole. Katikati yake bendi yote hunyamaza, na mdogo wake hushika sauti moja akaenda nayo. Siku nyingine huishika kidogo, siku nyingine mpaka wahudumu wanasimama na sinia mikononi. Lini ataiachia, hata yeye mwenyewe hajui. Saa Mbovu hubaki akiigusa sahani kwa ncha ya kijiti, akilitazama bega la kushoto la mdogo wake. Bega likishuka, amemaliza. Hapo yeye huangusha ngoma, na wenzake wote huingia. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo. Lilikuwapo tu, kati yao wawili.

Mashine haina macho ya kutazama bega. Lakini kufikia hapo alikuwa ameshaijua, akaipata njia: mlio wa sahani uliwekwa uzunguke wenyewe, uzunguke hata mwaka mzima, hadi kidole kiguse kitufe cha kumi na sita, ndipo ngoma zianguke. Kidole kingekuwa chake, na macho yangekuwa yake. Alimwita mdogo wake nyumbani wakajaribu. Mdogo wake alisimama katikati ya chumba, amempa mgongo kama kawaida, akaishika sauti mpaka wifi yake akaacha kushona. Bega likashuka, kidole kikagusa.

"Kaka," mdogo wake alisema akigeuka, macho yamemlowa. "Nilidhani nitakuwa peke yangu."

"Uwe peke yako mimi niko wapi?"

Alhamisi jioni walifanya mazoezi na bendi nzima. Nyimbo zote kumi na moja zilikwenda bila kukwama. Mpiga gitaa, kijana mwenye mdomo, alisema Saa Mbovu amerudi na hana jasho. Kiongozi alimkumbatia. Kisha, wakati wa kufunga vyombo, akamvuta pembeni.

"Kaka, niwekee akiba. Siku ukiumwa, tufanyeje? Mwonyeshe mpiga gitaa pa kuanzishia."

"Ni kitufe kimoja tu," alisema Saa Mbovu kwa furaha. Alikuwa na fahari hadi masikioni. Alimwita kijana, akamwonyesha.

"Na huu wa polepole?" kijana aliuliza. "Mimi mikono yote iko kwenye gitaa, mzee. Siwezi kukaa nalinda kitufe."

"Huwezi kuufanya uende wenyewe?" kiongozi aliuliza. "Wa akiba tu."

Hapo ndipo ningetaka kumshika mkono. Alikuwa ametoka kulia kitandani siku mbili nyuma. Alikuwa tayari kuthibitisha lolote. Hakutaka kusikika akisema haiwezekani, baada ya watu kumwagia sifa kwamba anaiweza. Ijumaa alikaa mezani akautengeneza wa akiba. Mashine ilitaka namba: mlio wa sahani uzunguke mara ngapi kabla ya ngoma? Hakumwita mdogo wake. Aliimba mwenyewe kwa pua, akakadiria, akaandika nane. Akauhifadhi kwenye kadi, akahakikisha mara mbili, akampa kiongozi ile namba ya nane, akamwachia na mashine ili itangulie hotelini na vyombo vingine.

Jumamosi mkewe alimfunga vifungo vya shati jeupe. Alifika hotelini saa nane, wa kwanza kama kawaida yake, akakuta jukwaa dogo lililobanwa kati ya ukuta na mlango wa jikoni. Alitafuta kiti chake. Palikuwa na spika. Sampla ilikuwa juu ya kigoda, karibu na mahali pa mguu wa mpiga gitaa.

Kiongozi alimfuata akiwa amelowa jasho. "Wamesema watu wanne, kaka. Nimebishana nao tangu asubuhi. Jukwaa ni la wanne, na mkataba ni wa wanne. Mwimbaji, gitaa, kinanda, besi." Akamshika bega. "Na si umeshaipanga yote? Kazi yako ipo palepale, mle ndani. Kaa mezani, leo wewe ni mgeni wetu. Upumzishe mkono."

Saa Mbovu alitaka kusema wimbo wa kumi na moja haujakamilika. Alitaka kusema ule wa akiba si wimbo. Lakini ni yeye aliyeutengeneza, na alikuwa amesema ni kitufe kimoja tu. Alimwona mdogo wake nyuma ya kiongozi, anamtazama, mdomo umefunguka kidogo kisha umefungwa.

"Sawa," alisema.

Aliwekwa meza ya pembeni, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo akamwona mdogo wake akiimba kwa mbele. Nyimbo kumi zilikwenda. Watu waliinuka vitini kwa kuchelewa kwake, walimcheza yeye, na hakuna aliyemtazama. Meneja wa hoteli alisimama mlangoni akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Wimbo wa polepole ukaanza. Bendi ikanyamaza, sahani ikabaki inazunguka, mdogo wake akaishika sauti. Iliondoka vizuri, nzito na tulivu, na meza zikaacha kuongea. Mzunguko wa pili, wa tatu, wa nne. Mwili wa Saa Mbovu ulikuwa umekaa mkao wa kazi bila yeye kujua, jicho limeganda kwenye bega lile la kushoto, lililokuwa upande wa kulia kwake sasa. Bega lilikuwa juu. Mzunguko wa tano. Sauti ilikuwa bado ina njia ndefu mbele yake. Aliisikia ilivyojaa, ilikuwa miongoni mwa zile za kuwasimamisha wahudumu.

Ndipo akauona mkono mwingine wa mdogo wake, ule usioshika maikrofoni. Ulikuwa ubavuni, umefichwa kwenye mikunjo ya gauni, na vidole vilikuwa vinakunjwa kimoja kimoja. Alikuwa anahesabu. Miaka ishirini na minane mwanamke yule hakuwahi kuhesabu, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na mtu anayemsubiri.

Kwenye wa saba akaikata. Bega halikushuka, aliikata tu, ikiwa na pumzi tele, akafumba mdomo. Wa nane ukapita mtupu. Ngoma zikaanguka kwa kuchelewa kidogo, vilevile alivyozipiga yeye, na bendi yote ikaingia bila kosa. Watu wakapiga makofi, na bwana wa meza ya jirani akamwambia mwenzake kwamba bendi hii imejipanga. Saa Mbovu aliilaza mikono yake miwili juu ya meza, akaitazama, akasubiri wimbo uishe.